Noah ya kilomita 287,000

Mwezi wa saba mwaka jana nilinunua gari langu la kwanza, Noah ya zamani, ile ambayo injini yake imekaa chini ya viti vya mbele. Dashibodi ilisoma kilomita 287,000. Nilizisoma mwenyewe, nikaziandika kwenye daftari langu la oda, na wala sikuogopa. Mimi napika chakula cha sherehe hapa Mbeya. Nilitaka gari la kubeba masufuria, viti na magunia ya viazi, na kwa milioni saba na laki nane sikutegemea kupewa gari ambalo halijatembea. Gari lililotembea sana linaweza kuwa zima kabisa kama aliyekuwa nalo alilitunza. Naliamini hilo hadi leo, ndiyo maana yaliyotokea baadaye yaliniuma.

Siku ya kwenda yadi kulikuwa na baridi ile ya Julai, ya kuvaa sweta mbili. Kijana wa pale alinipokea vizuri, akaliwasha. Nyuma ukatoka moshi mweupe. Nikamuuliza, "Kaka, mbona linatoa moshi?"

"Dada yangu, hiyo ni baridi ya Mbeya tu. Hata wewe ukipumua si unatoa moshi?"

Na kweli, asubuhi ile pumzi zetu zilionekana. Hata gari zima hutoa mvuke wakati wa baridi, hakunidanganya hapo. Alichoacha kuniambia ni kwamba mvuke huo hukoma injini ikishapata moto. Mimi nilifika saa mbili, nikaondoka saa tano jua likiwa limetoka, na moshi bado ulikuwepo. Niliuona. Sikujua kwamba nimeona kitu.

Tukalijaribu kutoka Kabwe hadi Soweto na kurudi. Sindano ya joto ilikaa chini kabisa, haikukaribia hata katikati. Kijana akaigusa kwa kidole: "Unaona? Hili halijui kuchemsha." Nikafurahi. Kwenye karatasi ya mauziano kulikuwa na mstari unaosema gari limeuzwa kama lilivyo na mnunuzi ameridhika. Nikasaini, kwa sababu nilikuwa nimeridhika.

Wiki tatu za mjini zilipita salama. Kisha nikapata oda ya harusi, watu mia mbili na hamsini, nikaamua kufuata viazi mwenyewe Isyonje badala ya kununua Mwanjelwa. Nilikuwa na mdogo wangu, na pale Uyole tukawapakia akina mama watatu wa sokoni waliokuwa wanarudi kwao. Mnaoijua barabara ya Tukuyu mnajua kwamba ukishaiacha Uyole ni kupanda tu. Nilianza kuhisi joto chini ya mapaja, nikadhani ni jua. Sindano iliyokuwa inalala chini siku zote ikanyanyuka, ikapita katikati, ikagota juu. Kabla sijapata pa kuegesha, mvuke ulikuwa unapenya pembeni ya kiti changu.

Mdogo wangu alikuwa tayari ameshika kitambaa afungue mfuniko wa rejeta. Dereva wa lori aliyesimama nyuma yetu akapiga kelele, "Usifungue! Utaungua uso!" Akatuwekea mawe kwenye matairi, akatuambia tusubiri hadi tuweze kuushika mfuniko kwa mkono mtupu. Sikulijua jina lake, wala hakutaka hata soda. Akina mama wale wakapata gari lingine, nasi tukakaa kwenye ukungu karibu saa nzima. Viazi vya harusi vilishuka mjini kwa kirikuu ya kukodi.

Fundi wangu ni mzee wa pale Sae, mtu wa maneno machache. Alinyanyua kiti, akafungua mfuniko wa oili, akanionyesha upande wa ndani. Kulikuwa na utando mzito, mweupe kama maziwa mgando. "Maji yameingia kwenye oili. Gasketi ya hedi imekwisha." Ndiyo inayotenganisha maji, oili na moto ndani ya injini. Akajaza maji kwenye rejeta, akaliwasha, mapovu yakawa yanapanda. Kisha akafungua pale inapokaa thamostati, akakuta patupu.

Hapo ndipo nilipoielewa ile sindano. Thamostati ndiyo inayozuia maji yasizunguke hadi injini ipate moto wake. Ukiitoa, kwenye tambarare na baridi ya Julai injini haipati moto wa kutosha, na sindano inalala chini. Kumbe sindano iliyo chini mno nayo ni dalili, ilipaswa kutulia karibu na katikati. Mfuniko wa rejeta nao ulikuwa umelegea. Mzee akanieleza kwamba huku kwetu juu, kwenye mita 1,700, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100. Ni ule mfuniko unaoyabana ndiyo yanavumilia joto zaidi. Mlimani, na mfuniko mbovu, gari langu halikuwa na pa kukimbilia.

Jambo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Aliniambia, "Mama, fungua swichi, usipige stata." Taa zikawaka: ya oili, ya betri, ya breki ya mkono. "Iko wapi ya injini?" Haikuwepo. Taa hiyo hutakiwa kuwaka ukifungua swichi, kisha izime injini ikishawaka. Akafungua dashibodi, tukakuta tundu halina balbu. Akaweka nyingine, ikawaka, na injini ilipowaka haikuzima. Sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi ilikuwa imekufa, sijui tangu lini.

Nilirudi yadi mara tatu. Mara ya kwanza nilionyeshwa ule mstari niliousaini. Nikamwambia yule kijana kwamba kilomita alinionyesha na sizidai, gasketi naweza hata kukubali kwamba yeye hakuijua, lakini balbu haitoki yenyewe kwenye tundu lake. Kuna mtu alikaa na bisibisi, akaitoa ili mimi nisione. Akasema naye aliuziwa hivyohivyo. Binamu yangu aliyesoma sheria aliniambia kwamba Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na kwamba naweza kulalamika. Nilifikiria kweli. Lakini ulikuwa msimu wa harusi, gari liko juu ya mawe, na nilihitaji kazi kuliko kesi. Mara ya tatu mwenye yadi alinipa laki mbili, nikazipokea bila kumshukuru.

Matengenezo yalikula laki sita na arobaini: gasketi, kusawazisha uso wa hedi, thamostati, mfuniko, kuosha rejeta iliyokuwa imejaa kutu, na kulenti, yale maji maalumu ya rejeta, badala ya maji ya bomba. Desemba nilimpeleka mama kwetu Tukuyu. Pale pale tulipochemshia nilisimama, nikashuka, nikaweka kiganja kwenye kiti. Joto la kawaida. Mama akaniuliza kuna nini, nikamwambia napumzika tu. Akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, akaendelea kumenya ndizi yake.

Sasa linasoma 301,000. Sensa mpya sijainunua bado, kwa hiyo taa ya injini inawaka kila siku, ya njano, mbele ya macho yangu. Fundi aliniuliza kama inanisumbua akaitoe. Nikamwambia aiache. Siku nikiliuza gari hili kabla sijaitengeneza, atakayekuja kulijaribu ataikuta inawaka.