Nilivyopata vigezo na masharti ya websaiti yangu kwa laki na ishirini

Mimi nauza dagaa. Nanunua Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, nachambua, wengine nakaanga, nafunga pakiti za nusu kilo na kilo, natuma kwa basi Dodoma, Dar, Moro, popote. Mdogo wangu ndo alinitengenezea websaiti ya kupokea oda na chini kabisa kule akaweka "Vigezo na Masharti", ambayo mimi wala sikuwahi kuyasoma na kumbe na yeye hakuyasoma, aliyakopi tu kwenye websaiti ya Wamarekani akabadilisha jina la biashara basi.

Sasa mwaka jana mteja mmoja wa Dodoma akapokea mzigo una unyevu, basi liliharibika njiani mzigo ukalala nje. Akataka hela yake. Nikajifanya mjanja nikamwambia soma masharti dada. Akasoma kweli aisee! Akanitumia skrinshoti, imeandikwa mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama za jimbo la California, na chini kaandika "kaka tunakutana California au unarudisha hela?"

Nikaenda ofisi moja ya mawakili mjini, sitaitaja. Sijamaliza hata kueleza naambiwa milioni moja na nusu, na itaandikwa Kiingereza. Kiingereza cha nini na wateja wangu wananiandikia "boss dagaa bei gan"? Jamaa mwingine akaniambia nipe elfu hamsini kesho asubuhi unachukua. Huyo nilipoangalia jina lake kwenye e-Wakili, ule mfumo wa mahakama, hayumo. Kishoka, wakili feki.

Kilichonisaidia ni Wiki ya Sheria, ile inayokuja kabla ya Siku ya Sheria mwezi wa pili, wanaweka mabanda na ushauri ni bure. Nikapanga foleni na wamama wa mirathi na wazee wa kesi za viwanja, zamu yangu ilipofika nikasema nina shida ya websaiti ya dagaa, wakaangaliana. Wakili mmoja, binti bado mdogo tu, akanivuta pembeni akanieleza kwamba ule msaada wa kisheria wa sheria ya 2017 ni wa watu wasio na uwezo wa kulipa, kwa hiyo nyaraka za biashara sitaandikiwa bure, ila kuuliza nimeshauliza. Halafu akasema, "Kaka, hela nyingi inaliwa na muda wa wakili kukuuliza biashara yako inaendaje. Kaandike mwenyewe kwa Kiswahili, kama unamwelezea mteja kwenye simu. Uniletee nisome tu."

Nikaandika, usiku wa siku tatu. Hapo ndo nikagundua biashara yangu mwenyewe siijui. Mzigo ukishapanda basi ni wa nani? Mteja asipokuja kuuchukua stendi? Dagaa wa kukaanga ashafungua pakiti anarudishaje? Nikaanza kupigia wateja wa zamani kuwauliza wao wanaonaje, zikatoka kurasa mbili na nusu.

Nikampelekea yule binti wakili, tukakubaliana kwa maandishi: kusoma, kurekebisha na kikao kimoja, laki na ishirini, nusu kabla nusu baada. Alifuta sana. Nlikua nimeandika "hela hairudi kwa sababu yoyote ile", sentensi niliyojivunia kabisa, akaipiga mstari akasema ukituma dagaa wabovu hakuna sentensi ya kukuokoa. Tukaweka mteja apige picha ndani ya saa 24 tangu achukue mzigo, na basi likiharibika hasara ni yangu, mimi ndo nadaiana na wenye basi. Akaongeza jina la biashara, mahali ninapopatikana na simu, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka muuzaji wa mtandaoni ajulikane. California ikafutwa. Na akataka kuwe na kiboksi cha kutiki "nimesoma nakubali" kabla oda haijaenda, maana masharti yaliyojificha chini utaonyeshaje kwamba mteja aliyakubali.

Kisha akaniuliza namba za wateja natunza wapi. Nikasema kwenye daftari, kwenye simu, na dogo anazo. Akacheka, sio cheko la furaha. Kumbe kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kusema ukweli hilo lilikua kubwa kuliko yale masharti niliyoendea. Usajili nafuatilia mwenyewe sahivi.

Yule wa Dodoma nilimrudishia hela yote, kwa masharti mapya ningeshindwa tu. Wiki iliyopita kaagiza kilo tano. Kabla hajalipa akanitumia skrinshoti ya kile kipengele cha basi kuharibika, kakizungushia duara jekundu, hakuandika kitu.