Mkataba unaisha Juni: niende kufundisha wapi?

Ikifika Novemba, shule nyingi za kimataifa huwauliza walimu wake swali lile lile: unabaki au unaondoka? Safari hii nimejibu kwamba naondoka. Tangu nirudishe ile fomu, mazungumzo yetu nyumbani ni ya nchi, viza na ratiba. Nafundisha hisabati kwenye Diploma ya IB (International Baccalaureate), mtaala wa kimataifa wa miaka ya mwisho ya sekondari, na nimefika hatua ya usaili katika shule tatu: moja iko Falme za Kiarabu, moja Japani, moja Ujerumani. Naandika haya ili nijipange kichwani, na pia kwa ajili ya walimu wenzangu walio kwenye njia panda kama hii.

Wengi wetu huanza na mshahara, na siwalaumu, maana kuna watu nyuma yetu wanaotutegemea. Ila mshahara ulioandikwa kwenye barua ya ajira haukuambii mengi. Falme za Kiarabu hazikati kodi ya mapato kwenye mshahara, na sheria yao inampa mfanyakazi wa kigeni kiinua mgongo: siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, katika miaka mitano ya mwanzo. Zingatia hayo maneno "wa msingi". Shule inaweza kukuahidi kiasi kikubwa, kumbe sehemu kubwa ni posho ya nyumba na usafiri, na posho hazihesabiwi kwenye kiinua mgongo. Omba mchanganuo kabla ya kusaini. Ujerumani nako kuna kodi, bima ya afya, na mchango wa pensheni wa asilimia 18.6 ya mshahara, ambao mwajiri na mfanyakazi wanagawana nusu kwa nusu. Ukiangalia kinachobaki mwisho wa mwezi tu, Ujerumani inashindwa mapema. Ukiingiza matibabu na uzee kwenye hesabu, mambo yanabadilika.

Hata hivyo, nimeamua kutoanza na fedha. Nimeanza na darasa.

Diploma ni kozi ya miaka miwili. Katika hisabati, asilimia 20 ya alama inatokana na uchunguzi ambao mwanafunzi anaufanya mwenyewe, juu ya swali alilolichagua, huku mwalimu akimwongoza. Kazi hiyo haihami kirahisi kutoka mkono wa mwalimu mmoja kwenda kwa mwingine. Niliwahi kurithi darasa la mwaka wa pili, na humo kulikuwa na binti aliyekuwa akichunguza jinsi maji ya moto yanavyopoa kikombeni. Vipimo alikuwa navyo, grafu ilikuwa imechorwa vizuri, lakini kila nilipomuuliza kwa nini ametumia mlinganyo ule na si mwingine, alinyamaza. Hoja hiyo waliijenga yeye na mwalimu aliyetangulia, kwa mdomo, na mwalimu alikuwa ameshaondoka. Tukaanza upya, tukapima tena, tukajadili joto la chumba na kwa nini grafu haishuki hadi sifuri. Alielewa, na akamaliza kazi yake. Lakini zile wiki zilitoka kwenye muda wa takwimu na kalikulasi, na mtihani hausubiri mtu.

Kwa hiyo kwenye kila usaili nimeuliza swali moja mapema kabisa: nikija, nitapewa mwaka wa kwanza au wa pili, na aliyekuwa na darasa hilo anaondoka lini? Majibu yamenisaidia kuliko picha zote za mabwawa ya kuogelea. Falme za Kiarabu wananihitaji kwa mwaka wa pili, na nitakuwa mwalimu wa tatu wa watoto hao tangu waanze Diploma. Nafsi yangu inavutwa kwao, kwa kweli, maana wanahitaji mtu. Lakini shule inayobadilisha walimu kwa kasi hiyo ina jambo, na sikupata maelezo ya kuniridhisha.

Shule ya Japani imenipendeza sana, hasa idara yake, ambako walimu huingia madarasani kwa wenzao na kujadili somo baadaye. Kikwazo ni kalenda. Inafuata mwaka wa masomo wa Kijapani unaoanza Aprili, na mtihani wake wa Diploma ni wa Novemba, si wa Mei. Mimi namaliza Juni. Nikienda moja kwa moja naingia katikati ya mwaka, nikisubiri Aprili nakaa miezi tisa bila mshahara.

Halafu kuna familia. Mwanangu ana miaka 15 na mwakani anaanza Diploma. Ni lazima tuhame sasa, au tutulie mpaka amalize. Kumhamisha kati ya mwaka wa kwanza na wa pili ni kumtafutia shule yenye masomo yale yale sita, kwa ngazi zile zile, na hilo silitaki kwa mtoto wa mtu yeyote, sembuse wangu. Mume wangu naye ni mhasibu na anataka kufanya kazi. Kwa viza ya mtegemezi, Japani inaruhusu hadi saa 28 kwa wiki, tena baada ya kuomba kibali. Ujerumani, mwenzi wa mtaalamu aliyeajiriwa akishapata kibali cha ukaazi anaweza kufanya kazi bila kikomo hicho.

Neno moja kuhusu makaratasi, kwa anayeanza: shughulikia vyeti hata kabla hujajua unakwenda wapi. Kama nchi iliyotoa cheti na nchi unayokwenda zote zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961, muhuri wa apostili, yaani uthibitisho rasmi wa hati kwa matumizi ya nchi nyingine, kwa kawaida unatosha. Falme za Kiarabu hazimo, kwa hiyo cheti hupita wizara ya mambo ya nje ya nchi kilikotoka, kisha ubalozi wao. Cheti cha polisi nacho usikichukue mapema mno, maana kinapitwa na wakati.

Basi, nimesaini Ujerumani. Nitapokea mwaka wa kwanza Agosti na kuwafikisha Mei ya mtihani, na mwenzangu anayefundisha mwaka wa pili anabaki. Mwanangu atakuwa kwenye kundi hilo hilo, kwa hiyo nimeomba awekwe kwa mwalimu mwingine wa hisabati, na wamekubali. Mkuu wa idara ameshanitumia orodha ya mada walizosoma darasa la 10. Logarithimu hazimo, na wiki mbili za mwanzo nimeshazitenga kwa ajili hiyo.