Rundo jeusi na gunia la makala
Jumapili jioni umeme ulikatika tena hapa Lubumbashi, nasi tukaizunguka mbabula (jiko la makaa) yenye makala machache, kwa kuwa bei ya gunia imepanda. Binti yangu, anayesoma chuo kikuu, alimweleza babu yake kwamba dunia inahofia kupungukiwa kobalti ya betri za magari ya umeme, ingawa zaidi ya nusu ya kobalti yote huchimbwa nchini mwetu Kongo. (Simu yake mwenyewe ilikuwa imezimika.)

Baba, aliyeyeyusha shaba tangu ujana wake, akanyosha kidole gizani kuelekea lile rundo jeusi kando ya bomba refu la moshi. "Mjukuu wangu, ile tuliimwaga kama takataka." Kobalti ilikuwamo, na miaka mingi baadaye taka zilezile zikarudishwa tanuruni ili itolewe.

"Na sisi, babu, leo tunamwaga nini?"

Mzee alichochea makala, akajibu kwamba zamani msitu ulianzia karibu na mji, na kwamba huo hautapatikana ndani ya rundo lolote. Nilitaka kubisha, maana miti huota tena. Lakini gunia letu la sasa limetoka mbali kuliko la mwaka jana, nikanyamaza.