Jalada la Baba Halionekani

"Jalada halionekani, mama. Pita wiki ijayo."

Mama yangu aliyasikia maneno hayo kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Baba alifariki 2015, akaacha mafao yake ya utumishi, na kila Jumatatu mama alijitanda leso, akabana bahasha ya kaki kwapani, akatoka kwa miguu nyumbani kwetu Ngamiani, Barabara ya 12, hadi ofisi moja hapa Tanga ambayo sitaitaja. Ndani ya bahasha mlikuwa na cheti cha ndoa, cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa mtaa na karatasi za mirathi kutoka mahakamani. Vya kwake vyote alikuwa navyo. Kilichokosekana kilikuwa cha ofisi.

Mimi wakati huo nilikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nasoma sayansi ya siasa na utawala wa umma. Darasani tunachambua sera: nani kaamua, fedha zinatoka wapi, nani ananufaika. Nikirudi likizo namkuta mama kaloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

Siku moja nikafuatana naye. Nyuma ya kijana wa dirishani alikaa karani wa masjala, yaani pale majalada yanapotunzwa, mzee wa makamo, miwani kaifunga uzi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniuliza jambo ambalo mama hakuwahi kuulizwa: "Binti, baba'ako alipoajiriwa, jina lake aliliandika mwenyewe au aliandikiwa?"

Sikujua. Mzee akainuka, akapita kabati la K, akafungua la H. Baba yangu ni Khamis. Aliyemwandikisha 1986 aliandika Hamisi. Jalada lilikuwepo muda wote, limevimba kwa unyevu wa pwani, pembe zimeliwa na mende, barua ya ajira ikiwa folio, yaani karatasi, ya kwanza. Mama akaweka kidole juu ya sahihi ya baba, akakiacha pale.

"Mwandiko wake," alisema.

Mafao yalitoka baada ya miezi miwili. Mimi swali lile sikuliacha. Sheria ilimtambua mjane, fedha zilikuwepo, kumbe haki yote ilikuwa imening'inia kwenye herufi moja na kumbukumbu ya mzee ambaye angestaafu wakati wowote. Ndiyo maana uzamili nimechukua menejimenti ya taarifa, na tasnifu yangu inahusu sera za umma. Wenzangu waliniuliza kwa nini nakwenda kusomea mafaili. Nawajibu hapa: sera humfikia mwananchi kupitia masjala.

Tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002. Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayompa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kumjibu mwombaji. Nimezisoma zote mbili nikimfikiria mama pale dirishani. Siku 30 zinasaidia nini kama anayetakiwa kujibu hajui karatasi iko kabati gani? Na ikisha kuonekana, nani mwingine ataiona? Jalada la baba lilifunguliwa juu ya kaunta, mshahara wake na ugonjwa wake vikasomeka na kila aliyekuwa kwenye foleni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imekuja 2022. Kuwa wazi na kutunza siri ni kazi ya meza ileile, na hapo ndipo utafiti wangu ulipo.

Wanaosema utunzaji hauwezekani kwetu, nawakumbusha nyaraka za utawala wa Wajerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Karatasi zenye zaidi ya miaka mia zinasomeka hadi leo, kwa sababu kuna watu waliozipanga, wakaziorodhesha na kuzilinda. Barua ya baba ya 1986 ilistahili uangalizi huohuo.

Jumatatu naanza kukusanya data kwenye masjala za halmashauri, mkoani kwetu. Nitauliza maswali mengi, ila la kwanza ni lile la mzee wa miwani. Jana usiku mama kaniletea ile bahasha ya kaki, tupu, kaipangusa vumbi. "Tia madodoso yako humu," kaniambia. "Imeshaizoea njia."