Twende Kilioni

Wasifu wa marehemu Baba Mapacha ulisomwa kwa dakika nne kwenye ukumbi wa kanisa hapa Reading. Kuzaliwa Kibosho, shule, kuja Uingereza, ndoa, ameacha mjane na watoto wawili. Yote kweli. Ila habari ya nywele haikuwemo, na kwangu mimi bila nywele bado hujamtaja mtu huyo.

Mama Mapacha ni muuguzi. Zamu zake za wikiendi ni saa kumi na mbili mfululizo, kwa hiyo Jumapili nyumba ilikuwa mikononi mwa baba. Bei ya kusuka huku tuiache, na hapo vichwa ni viwili. Akajifunza mwenyewe. Nilipokaa kwao miezi ya mwanzo (kodi hakutaka hata kuisikia: "Dada, ukipata kazi mtumie mama kwanza"), nilikuwa namkuta sebuleni, mtoto kaketi chini katikati ya magoti yake, kitana kakibana kwa meno, kopo la mafuta ya nazi pembeni. Simu kaiegemeza kwenye chupa ya chai aone mpira. Siku ya Simba na Yanga, mechi ya saa kumi na moja Dar ambayo majira ya baridi kwetu ni saa nane, ole wake aliyekuwa zamu ya kusukwa.

"Baba, unavuta!"

"Pole mama, ni huyu refa."

Mtindo aliujua mmoja tu, twende kilioni. Mistari inalala kwenda kisogoni, basi. Ilianza vizuri kwenye paji la uso, ikifika utosini inapinda kama barabara ya kupandia kwao Kibosho. Mwalimu aliwahi kuwauliza watoto mtindo wao unaitwaje, wakamtafsiria neno kwa neno. Jioni shule ikapiga simu, kwa upole kabisa, kuuliza kama familia imefiwa. Baba Mapacha alicheka mpaka akakaa chini.

Alianguka ghalani kazini, Novemba, zamu ya usiku ikikaribia kwisha.

Yakafuata makaratasi. Kifo cha ghafla hapa kinapelekwa kwanza kwa koroneri, ofisa anayechunguza sababu, na huwezi kuutoa mwili nje ya nchi bila kumpa taarifa. Kaka wa marehemu aliwapigia wazee Moshi, akawaambia tunasubiri jibu la koroneri. Simu ikanyamaza. Kisha bibi mmoja akauliza kama sanduku litaruhusiwa kufunguliwa, maana korona wanaijua. Tulicheka msibani, Mungu atusamehe.

Tiketi za Desemba zilikuwa zimeshakatwa kama kila mwaka, Mchaga na Krismasi ya nyumbani unawajua. Zikabadilishwa, wakasafiri naye mapema. Maziko niliyaona kwa simu, nimejificha stoo ya kazini, saa tano asubuhi yangu na saa nane mchana yao: kihamba, migomba, miavuli, halafu picha ikakwama padri akiwa kanyanyua mkono. Haikuendelea tena.

Lakini ninachotaka kukisema ni cha kabla ya hapo, usiku wa kuamkia ibada ya Reading. Kina mama wamejaa jikoni, wanaume nje kwenye baridi wanahesabu michango. Mdogo wetu mmoja mwenye saluni alijitolea kuwasuka mapacha bure, rasta ndogondogo za kupendeza. Wakakataa. Wakaja kwangu na kitana na lile kopo, hawakusema neno. Nikakaa kwenye kiti chake, mmoja akaketi chini, akaegemeza mgongo.

Nilipofika utosini nikaunyoosha mstari, kama mama yangu alivyonifundisha. Akapeleka kidole, akapapasa taratibu.

"Anti, hapa kwa baba panapinda."

Nikafumua.