Barua kabla ya basi

Bibi yangu alifariki Jumapili usiku, Julai, nikiwa mwaka wa pili. Mtihani wa Takwimu ulikuwa Jumatano saa tatu asubuhi. Simu ya mama iliponifikia nilikuwa hosteli na wenzangu watatu, tumetandaza desa, yaani notisi za masomo, sakafuni tunapiga msuli wa mtihani. Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu nilikuwa ndani ya basi la Songea.

Mwenye kuuliza kwa nini sikusubiri, ajue kwamba huyu ndiye aliyenilea. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye kahawa yake kule Mbinga, mbele ya Songea, debe kwa debe. Na Julai ni msimu wa kuchuma. Nilikuta kahawa aliyoianika mwenyewe wiki ile bado iko kwenye kichanja, na hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kuigeuza.

Kabla ya kuondoka nilimpigia CR wetu, yaani mwanafunzi mwenzetu aliye kiongozi wa darasa. Akasema, "Pole sana, nenda kazike, nitamwambia mwalimu." Naye kweli alimwambia, na mwalimu akajibu sawa, pole zake. Mimi nikajua mambo yamekwisha. Tulizika Jumanne alasiri, nikakaa matanga, Ijumaa nikaanza safari ya kurudi, nikafanya mitihani miwili iliyobaki.

Matokeo yalipotoka kwenye mfumo, masomo yote yalikuwa na herufi yake, isipokuwa Takwimu. Pale paliandikwa kwamba sikuhudhuria. Chini yake, kwenye mstari wa hali ya mwanafunzi, nilitakiwa kujieleza kwa maandishi kwa nini nisiachishwe masomo. Kwa lugha yetu, nilikuwa mlangoni mwa kudisko. Na sikuwa nimefeli somo hata moja.

Hapo ndipo nilipokifungua kwa mara ya kwanza kile kijitabu cha kanuni za mitihani, tulichopewa wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Nilikikuta chini ya begi, kurasa bado zimeshikana.

Nitaeleza kilichokuwamo kama nilivyotamani mtu anieleze mimi. Chuoni kwetu, kama ilivyo katika vyuo vingi vya Tanzania, somo lina alama 100: 40 za kosiweki, yaani majaribio na kazi za muhula, na 60 za UE, mtihani wa mwisho. Kwetu usipofikisha 16 kati ya zile 40, huingii kwenye UE. Ukichelewa zaidi ya nusu saa tangu mtihani uanze, mlango umefungwa. Hayo tuliyajua wote, kwa sababu yalibandikwa ubaoni.

Tusichokijua ni tofauti ya speshali na sapu. Wengi tuliyachukua kama kitu kimoja, kwa kuwa yote mawili hufanyika Septemba, chumba kimoja, karatasi ileile. Sivyo kabisa. Speshali ni ya aliyeruhusiwa kuahirisha mtihani kwa sababu iliyokubaliwa: ugonjwa, msiba wa mtu wa karibu, uzazi. Huhesabiwa kama anafanya mara ya kwanza. Kosiweki yake inabaki, na akipata A ni A. Sapu ni ya aliyefeli. Kwetu kosiweki yake inafutwa, na hata akipata 90, anaandikiwa C.

Kinachokupeleka upande mmoja au mwingine ni barua. Barua kwa mkuu wa idara, yenye kiambatisho, iliyopokelewa na kugongwa muhuri kabla ya saa ya mtihani. CR hana mamlaka ya kukuruhusu. Mwalimu wa somo naye hana, hata akiwa mtu mwema kiasi gani.

Niliandika kujieleza kwangu kurasa mbili. Nilimwomba mjomba aende kwa mtendaji wa kijiji akachukue barua, nikaambatisha na kibali cha mazishi na tiketi zangu za basi, ya kwenda na ya kurudi. Kamati ilikubali kwamba msiba ulikuwa wa kweli. Haikuniachisha, nami naishukuru kwa hilo. Lakini ilisema taarifa ilifika baada ya mtihani, kwa hiyo nitafanya kama sapu.

Nilikuwa na 31 kati ya 40. Zote zikaenda.

Septemba nikarudi chuoni. Boom hakuna, kwa kuwa mkopo wa kujikimu haulipwi likizo, hosteli zimefungwa, nikajibanza kwa shangazi Mbagala, nikawa naamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala. Mtihani wenyewe niliufanya vizuri. Nikapata C, kama kanuni isemavyo.

C ile moja niliikuta tena siku ya kumaliza. GPA yangu, yaani wastani wa alama za masomo yote, ilikuwa 3.4. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Nimekaa na karatasi na kalamu nikapiga hesabu: Takwimu ingekuwa B+, ningevuka. Tangazo la kwanza la kazi nililolitamani lilitaka daraja la pili la juu, na nikalikunja.

Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na sidai kwamba kanuni ya kutoa taarifa mapema ni ya uonevu. Nilikuwa na Jumatatu nzima. Ofisi ya idara hufunguliwa saa mbili, na ningeweza kumwachia mwenzangu wa chumba barua iliyosainiwa aipeleke. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi hakiwezi kuendeshwa kwa "nilimwambia CR".

Kinachoniuma ni mambo mawili. La kwanza, kijitabu kile kiliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kikasomwa harakaharaka siku moja ukumbini, mamia tumejazana, wengi tukitoka shule za kata na hatujawahi kuona hata neno "kuahirisha" likitajwa kwenye mitihani. Kanuni inayoweza kumwachisha mtu masomo iandikwe pia kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, na ibandikwe pale ilipobandikwa ile ya nusu saa. La pili, kumfutia kosiweki aliyezika ni kumpa adhabu ya kosa asilolifanya. Zile 31 nilizipata nikiwa darasani. Aliyechelewesha barua aadhibiwe kwa kuchelewesha barua.

Mdogo wangu wa mwisho ameanza chuo mwaka huu. Wiki mbili zilizopita alinipigia usiku. "Dada, shikamoo. Nina homa, na kesho saa nne nina test." Nikamuuliza ameenda zahanati ya chuo. Akasema amenunua mseto, dawa ya malaria, duka la dawa, atalala. Nilimwambia mseto anywe baada ya kupimwa, na avae sweta aende usiku uleule, hata kwa bodaboda, pesa naituma sasa hivi. Test nayo ina kanuni yake, maana alama 15 zikipotea kwenye 40, ile 16 huanza kuwa mbali. Akanung'unika kwamba mwalimu wao ni mwelewa, atamtumia tu meseji. Sikukata simu mpaka niliposikia mlango.

Saa tano usiku akanitumia picha ya cheti cha daktari. Asubuhi, saa mbili na robo, picha ya pili: nakala ya barua yake kwa mkuu wa idara. Test alipewa Jumanne iliyofuata, peke yake ofisini kwa mwalimu. Ile picha ya pili bado ninayo. Muhuri wa idara umefifia upande mmoja, lakini tarehe na saa vinasomeka.