Vile nilipata kuelewa seramiki kwenye baridi ya kelvini 4

Mi nilikuwa naandika TFC yangu (kazi ya kumaliza masomo ya chuo) hapa Lubumbashi, juu ya vile alumina, seramiki ya alumini na oksijeni, inapitisha joto kwenye baridi kali sana, na heli ya majimaji ya kupozea, ile inachemka kwa kelvini 4.2 (kama −269 °C), hapa sikuwa nayo, basi kazi yote ilikuwa ya kalamu na karatasi. Nilijua kitu kimoja: ukipunguza halijoto, fononi, ile mitetemo ya atomi inayobeba joto, hazigongani sana, kwa hiyo joto inapita vizuri zaidi. Nikavuta mstari hadi kelvini 4, ukapanda tu, nikaupeleka kwa prof. Akauangalia akaniuliza, "Mwanangu, pale kelvini 4 hiyo joto inabebwa na nani?"

Nikanyamaza.

Usiku umeme ulikatika, nikawasha mshumaa nikaanza upya. Mwanafizikia Debye alishaonyesha mwaka 1912 kwamba kwenye baridi, uwezo wa kitu kushika joto unashuka kwa kipeo cha tatu cha halijoto, yaani ukigawa halijoto kwa mbili wabebaji wanabaki moja ya nane. Sawa, lakini hao wachache wanaenda umbali gani mbele ya kugonga kitu? Hapo nilikwama wiki nzima.

Jibu nililipata kwa Casimir, mwanafizikia mwingine, kazi yake ya 1938: fononi haigongi tena mwenzake, inagonga ukuta. Njo nikawaza mtaa wetu usiku, barabara haina mtu, ungekimbia mpaka mbali, ila kila mahali kuna lupango, kiwanja cha kuzungushwa ukuta. Seramiki ya kuchomwa ni punje ndogo ndogo za fuwele zimeshikana, na kila mpaka wa punje ni ukuta wa lupango!

Nikapiga hesabu. Pale kelvini 4, alumina inashika kama jouli 22 kwa mita ya ujazo kwa kelvini, fononi zinakimbia kama mita 7000 kwa sekunde, punje, njo umbali wao mpaka ukuta, nikaziweka mikromita 10, zidisha, gawa kwa tatu: uwezo wa kupitisha joto ukatoka wati 0.5 kwa mita kwa kelvini. Halafu nikachukua yakuti, ni alumina ile ile ila fuwele moja, nene milimita 5, ikatoka karibu 250. Mara 500, na kitu kilichobadilika ni kuta tu! Nilirudia hesabu mara tatu juu sikuamini.

Nikachora yote kwenye karatasi ya logi, ile kipeo kinaonekana kama mteremko wa mstari. Prof akachukua rula, akapima mteremko mwenyewe, ikatoka tatu, kile kipeo cha Debye. Akasema, "Sasa andika sura ya pili."